Majina bado hayajatoka

Mama hunipigia kutoka Muheza kila baada ya magharibi, na swali lake ni lile lile: "Wamekupigia?" Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba Sekretarieti ya Ajira, wale wanaosimamia usaili wa kazi za serikali, haipigii mtu simu kumwambia amepata. Majina hutoka kwenye tovuti yao, kwenye PDF yenye kurasa nyingi, ukajitafute mwenyewe humo. Ananisikiliza vizuri, halafu anasema, "Haya mwanangu, basi wakikupigia uniambie."

Usaili ulikuwa Dodoma, kada ya msaidizi wa kumbukumbu. Nauli ya treni ya SGR kutoka Dar ilikuwa shilingi 31,000 daraja la kawaida, na kula na kulala ni juu yako. Mchujo wa kuandika nilipita. Mahojiano ndiyo yaliyoniacha roho juu. Niliulizwa: mkuu wa idara nyingine amekuja masjala, yaani chumba cha mafaili, anataka faili la siri la mtumishi, kibali hana, utafanyaje? Nikasema nitamwomba kwa heshima aandike dokezo, lipite kwa mkuu wangu wa kazi. "Na akikataa?" Nikasema faili halitoki. Yule mama aliyekaa katikati akanitazama, akasema "Ahsante," akaandika kitu.

Ahsante ile imeninyima usingizi. Aliandika nini? Kwamba huyu binti ana msimamo, au kwamba ni jeuri? Naamka saa nane usiku, tumbo joto, namjibu upya gizani, safari hii kwa sauti ya upole zaidi. Dada yangu, ambaye naishi kwake Gongo la Mboto, anasema huenda alikuwa anaandika mahitaji ya sokoni.

Kilichonimaliza kabisa ni kundi la WhatsApp la wasailiwa. Humo kila mtu ana mjomba "aliye ndani" anayejua kuwa majina yanatoka Ijumaa. Ijumaa ikipita, mjomba anabadilisha wiki. Wengine wanabandika majibu yao ili wenzao wayasahihishe. Nimejitoa. Kama nawe unasubiri, jitoe leo leo. Tangazo la kweli litakuwa kwenye tovuti na halihitaji mjomba.

Kidogo kilichonituliza ni daftari. Niliandika kila swali na nilivyojibu, nikampa dada alifungie kabatini. Nadhani kichwa kilikuwa kinarudia yale maneno kwa kuogopa kuyasahau. Sasa kinarudia, lakini si kwa fujo ile. Tovuti naifungua mara moja kwa siku, jioni, nikishakula. Habari mbaya kwenye tumbo tupu sizitaki.

Shida ya kazi za serikali ni kwamba hata kukosa hakuna mwisho unaoeleweka. Unaweza kufaulu, nafasi zikajaa, ukawekwa kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wakakosa nafasi, ukaja kuitwa siku ambayo hukutarajia. Kwa hiyo nimeacha kujipangia tarehe ya kujua. Nimetuma maombi kwingine, na asubuhi nakwenda dukani kwa shangazi kumpangia madaftari ya madeni, ambayo hayana siri hata chembe: anawasoma wadaiwa kwa sauti, mteja akiwa amesimama pale pale.

Na wewe uliyesailiwa siku ile, unayejua jibu sahihi la lile swali la faili: tafadhali, kaa nalo.