Tasnifu Baada ya Utetezi

Mara tu habari zilipofika hapa Lamu kwamba watahini wameipitisha tasnifu yangu ya uzamili, jamaa na majirani walianza kunipa pongezi kana kwamba shahada imekwisha kutolewa. Nilizipokea kwa shukrani, lakini kupita kwa sharti la kufanya masahihisho si kuhitimu. Jina la mwanafunzi haliingii katika orodha ya wahitimu inayopelekwa mbele ya Seneti ya chuo kikuu mpaka masahihisho yathibitishwe, wasimamizi watie sahihi, na nakala za mwisho zipokelewe kabla ya tarehe iliyowekwa. Naandika juu ya kipindi hicho kwa kuwa naamini ndicho kinachoamua kama kazi ya utafiti itaaminika, ilhali ni nadra mwanafunzi kufundishwa namna ya kukipitia.

Utafiti wangu unahusu istilahi za mafundi wa vyombo vya baharini katika kijiji cha Matondoni, na data yake ni mahojiano niliyoyarekodi na kuyanukuu kwa Kiamu, yaani lahaja ya Kiswahili inayosemwa Lamu. Hapa ndipo masahihisho yanapohitaji uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mtahini akiagiza kwamba tahajia ipitiwe upya, agizo hilo ni la haki kwa maandishi ya mtafiti mwenyewe, lakini haligusi maneno ya waliohojiwa. Fundi aliyesema "mato", "ndia" na "kitwa" hakukosea. Hivyo ndivyo Kiamu kinavyosema pale Kiswahili sanifu kinaposema "macho", "njia" na "kichwa". Programu ya kuandikia huyapigia maneno haya mstari mwekundu yote, na mtu aliyechoka, tena anayefukuzana na tarehe, anaweza kuamuru kompyuta ibadilishe kila "ndia" kuwa "njia" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa amri hiyo moja, ushahidi uliobeba tasnifu nzima utakuwa umefutwa. Kwa sababu hiyo nilizipitia dondoo zote huku nikizisikiliza tena rekodi zake, na katika sura ya mbinu za utafiti nikaongeza aya inayoeleza kwamba matamshi ya wahojiwa yamehifadhiwa kama yalivyo.

Mambo ya umbo ni mepesi, mradi mtu asiyaache mpaka usiku wa mwisho. Kurasa za utangulizi, yaani ungamo (tamko lenye sahihi kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe), tabaruku, shukrani, ikisiri na yaliyomo, huhesabiwa kwa nambari za Kirumi, na nambari za kawaida huanzia sura ya kwanza. Pambizo ya kushoto huachwa pana ili maandishi yasimezwe wakati wa kujalidi.

Marejeleo yalinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mitindo tunayotakiwa kuifuata imejengwa juu ya majina ya ukoo, nayo majina ya waandishi wa pwani hayakubali mpangilio huo kwa urahisi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany huorodheshwa chini ya Nabhany, lakini Muyaka bin Haji anajulikana na wasomaji wote kwa jina la Muyaka, na kumweka chini ya Haji ni kumficha. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi aamue mapema pamoja na msimamizi wake, kisha uamuzi huo ufuatwe ndani ya matini na katika orodha bila kuyumba.

Kuhusu ripoti ya programu ya kupima ulinganifu wa maandishi, yaani kiasi ambacho kazi inafanana na maandishi ya wengine, asilimia peke yake si hukumu. Dondoo zilizofungwa kwa alama, vichwa vya sura na orodha ya marejeleo vinaweza kuipandisha, kwa hiyo ripoti isomwe ukurasa kwa ukurasa. Katika viambatisho niliweka kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na nakala tupu ya fomu ya ridhaa. Fomu zilizotiwa sahihi nilizihifadhi kando, kwa kuwa baadhi ya mafundi waliomba wasitajwe, na ahadi hiyo haina budi kutimizwa hata baada ya shahada kupatikana.

Anayeishi visiwani akumbuke pia kwamba sahihi za ungamo huenda zikahitaji safari. Kutoka Lamu ni kuvuka kwa mashua hadi Mokowe, kisha kupanda basi, na msimamizi naye ana ratiba yake. Ni adabu kumwandikia mwalimu mapema, na kumpelekea jedwali linaloonyesha kila hoja ya mtahini, hatua iliyochukuliwa na ukurasa wenye badiliko, ili asilazimike kuyatafuta mabadiliko hayo mwenyewe.

Nilipoagiza nakala za jalada gumu, niliongeza moja kwa ajili ya mafundi wa Matondoni. Faharasa ya istilahi iliyo mwishoni ni maneno yao, na wao ndio wenye uwezo wa kunionyesha palipo na upungufu.