Madumu 34 kwa mwezi

Andiko la kikundi cha sabuni la kuomba mkopo wa halmashauri lilikuwa na kurasa 14, na katika kurasa zote hizo malighafi ilikuwa na mstari mmoja tu: shilingi 400,000. Mashine ya kuchanganyia ilitengewa 4,500,000. Fulana za kikundi na sherehe ya uzinduzi zilikuwa na mafungu yake. Jumla ya ombi ilikuwa 8,000,000.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2022, katika kata moja ya mkoani Kigoma ambako nilikuwa afisa maendeleo ya jamii. Kikundi kilikuwa cha akina mama kumi waliotengeneza sabuni ya mawese, na kamati ya kata ilikuwa ikikutana kesho yake. Tuliweka meza chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, tukaanza upya.

Jambo la kwanza halikuwa hesabu. Watatu kati yao walikuwa wanufaika wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, waliozoea ruzuku ya kaya maskini inayolipwa kila baada ya miezi miwili bila kurudishwa, na waliamini hii ni ya namna hiyohiyo. Siyo. Kifungu kilichoongezwa mwaka 2018 kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo haina riba lakini inarudi, na ikirudi ndiyo inayopewa kikundi kinachofuata. Katika kazi ile niliona vikundi vingi vikishindwa kwa sababu hakuna aliyewatamkia hilo kabla ya kusaini.

"Sasa Bwana Maendeleo, tukishindwa?" aliuliza mweka hazina. Hapo ndipo tulipofungua daftari lao la mauzo.

Dumu la lita 20 la mawese walinunua kwa 74,000. Kostiki soda iligharimu kama 11,000, manukato na rangi 7,000. Jumla 92,000. Dumu hilo lilitoa vipande 230 vya gramu 100, kila kimoja 500, yaani 115,000. Toa nauli na vipande vinavyovunjika, faida inabaki 20,000. Sasa gawa 8,000,000 kwa miezi 12 ya marejesho: kila mwezi karibu 667,000. Ili kulipa deni tu, bila mtu kupata hata ya chumvi, wangehitaji kupika madumu 34, karibu vipande 7,800. Mwezi wao bora kabisa kwenye daftari ulikuwa na vipande 1,800. Mashine haileti wateja. Iliondolewa bila mabishano, ingawa fulana zilitetewa kwa muda mrefu kuliko mashine.

Tukaja kwenye sabuni yenyewe, kwa sababu miezi michache nyuma wateja walilalamika kuwa inababua mikono. Fomula waliachiwa na mkufunzi mmoja aliyepita: kilo 2.8 za kostiki soda kwa dumu. Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Alihesabu lita 20 kuwa ni kilo 20, wakati mafuta ni mepesi kuliko maji, na lita 20 za mawese zina uzito wa kilo 18.2 hivi. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 za soda ili yote igeuke sabuni; kwa dumu ni kilo 2.57. Mtengenezaji makini hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki yakilinda ngozi, yaani kilo 2.44. Wao walikuwa wakizidisha zaidi ya gramu 200, na soda isiyopata mafuta ya kushikana nayo hubaki ndani ya kipande ikimsubiri mfuaji. Ndiyo maana mizani ya kidijitali ikapanda juu kwenye orodha ya vifaa. Kupima soda kwa kikombe hakufai kabisa.

Sufuria kubwa mbili za alumini zilifutwa pia. Mama mwenyekiti alileta ile ya zamani, ina matundu chini, akidhani aliuziwa feki. Soda hula alumini na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Soda imwagwe ndani ya maji, polepole. Ukimwaga maji juu ya soda, yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Miwani na glavu tukaviandika kama vifaa vya lazima.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa muda. Sabuni yao, isiyochemshwa, hukaa rafuni wiki nne kabla ya kuuzwa, ikipoteza maji. (Kwa sababu hiyo kipande kibichi kikatwe gramu 113. Waliokata 100 waliuza 88, na mteja wa gengeni anajua kupima kwa kiganja.) Kwa madumu matatu kila wiki tuliyopanga, madumu 12 yenye thamani ya 1,104,000 yangelala rafuni kabla ya kipande cha kwanza kutoka. Ongeza wiki ya tano ya kukusanya fedha: 1,380,000. Huo ndio mtaji uliokuwa umeandikiwa 400,000.

Andiko jipya likawa la 2,400,000. Malighafi 1,380,000, vifaa 600,000, vikiwemo fremu sita za mbao, mizani mbili, ndoo na rafu, kodi ya chumba kwa miezi sita 180,000, vifungashio 160,000, akiba 80,000. Marejesho 200,000 kwa mwezi, sawa na faida ya madumu 10 kati ya 13 ambayo wangepika. Tuliomba yaanze mwezi wa tatu baada ya fedha kuingia, na tukaambatisha barua ya shule ya bweni iliyokubali kuchukua vipande 1,000 kila mwezi. Kwenye kamati barua ile iliulizwa kuliko kurasa nyingine zote. Faida ya kugawana ilibaki 60,000 kwa watu kumi, na nililisema wazi, maana mwanachama anayetarajia mgao mnono hukimbia mwezi wa pili na kuwaachia wenzake deni.

Fedha ziliingia Februari 2023, mawese yakiwa yamepanda hadi 82,000. Madumu 15 ya bajeti yakawa 13. Walipunguza upishi wa wiki mbili za mwisho badala ya kugusa fungu la soda au la vifungashio, uamuzi ambao ningeufanya mimi pia.

Aprili serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima ili kupanga upya utaratibu, baada ya ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuibua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Ilikuja kurudi mwaka 2024. Baadhi ya vikundi vya jirani vilidhani madeni yamefutwa. Kilichositishwa kilikuwa utoaji. Marejesho yaliendelea kudaiwa, na ilibidi nipite kijiji kwa kijiji kulieleza hilo. Akina mama wa sabuni walikuja na ombi moja tu: tarehe ya kulipa ihamishwe kutoka 5 hadi 20, kwa kuwa shule ililipa katikati ya mwezi. Tuliwaandikia nyongeza ya mkataba wiki hiyohiyo.