Nilivyoacha kununua risasi za Salaita

Mizani ilikuwa ya kuning'iniza, imefungwa kwa waya kwenye tawi la mwarobaini nje ya kibanda cha vyuma chakavu, Taveta. Ndoano ilibeba gunia la mbolea lililokatwa nusu, na ndani yake maganda ya risasi yaliyopiga kijani kwa kutu ya shaba.

"Kilo tatu na robo," mwenye mizani akasema. "Natoa hiyo robo, ni mchanga."

Mvulana aliyeyaleta hakubisha. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na jembe lisilo na mpini wa maana begani. Nikaokota ganda moja, nikalipangusa kitako kwa kidole gumba. Kulikuwa na herufi, na namba "12", yaani mwaka 1912.

"Haya ni ya vita vya Mjerumani," nikasema.

"Ni shaba," mwenye mizani akanijibu.

Hiyo ilikuwa 2015. Nilikuwa mwendesha bodaboda, na wageni walikuwa wameanza kuja upande wetu kwa sababu miaka mia ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewadia. Wiki chache kabla, mgeni mmoja alinikodi nimpeleke Kilima cha Salaita, nikamsubiri chini ya mgunga nikichezea simu huku yeye akipanda na ramani yake. Aliposhuka alinilipa vizuri, kisha akaniambia kwamba kama ningekuwa na la kumweleza, angenilipa mara mbili. Sitadanganya kwamba nilianza kwa uzalendo. Nilianza kwa hilo neno "mara mbili".

Kwa hiyo siku ile pale kwenye mizani nilitoa Sh50 zaidi ya bei ya mwenye kibanda, nikabeba gunia. Nilijiona nimeokoa historia. Nikamwambia mvulana akipata mengine aniletee mimi.

Akaniletea. Wiki iliyofuata alikuja na kilo mbili, na ile iliyofuata wakaja watatu. Baada ya mwezi chumba changu kilikuwa na ndoo mbili za maganda, vifungo, kipande cha hatamu, na kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini. Mke wangu akaniuliza kama nafungua gereji. Nilipopanda Salaita na mgeni mwingine, tukakuta handaki ambalo mwezi mmoja nyuma lilikuwa na umbo lake, kingo na kona, sasa limegeuka mashimo matupu kama shamba la mihogo lililoingiliwa na nguruwe. Mgeni akapiga picha, akauliza ni wanyama gani wamechimba. Nikanyamaza.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa akichunga pembeni mwa kilima, ndiye aliyenifungua macho. Nilimlalamikia kuhusu wale vijana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fimbo.

"Na haya wanamuuzia nani?"

"Mimi, mzee. Ili yasiyeyushwe."

"Mwanangu, mtu akinunua pembe, unaweza kusema analinda ndovu?"

Sisi tunaoishi ubavuni mwa Tsavo hilo hatuhitaji kuelezwa mara ya pili. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu hakukuwa na jibu.

Nilijaribu kwanza njia ya serikali. Nilipiga chapa barua, nikaipeleka ofisi moja, wakanielekeza nyingine, na ile nyingine wakaniambia niache nakala. Nakala niliacha. Katika kuzunguka huko nilijifunza jambo moja la maana: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Ganda la 1912 limechelewa miaka 17. Mahali panaweza kulindwa hata pakiwa pa juzi, ila mpaka Waziri apatangaze kwenye gazeti la serikali. Nikaona nikingoja hilo, vijana watakuwa wamefika upande wa pili wa kilima. Hata Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, sababu ilikuwa nguzo za umeme, na baada ya miezi michache marufuku ikaondolewa.

Dawa niliyoipata ilikuwa rahisi mpaka naona haya kuieleza. Niliwaita wale vijana, nikawaambia sinunui tena kitu. Nanunua kuonyeshwa. Ukiona ganda, kifungo au ukuta wa mawe, liache lilivyo, weka kando yake kijiti cha kupimia, piga picha, nipeleke. Mahali papya ni Sh200. Ukileta kitu mkononi, sifuri, na mwezi huo sikuiti kwenye kazi ya wageni. Mwanzoni walicheka. Lakini kilo ya shaba unaiuza mara moja. Mahali ambapo wageni wanapandishwa kila mwezi, na wewe ndiye unayewashika mkono kwenye miiba, panakulipa tena na tena. Walipoonja nauli ya kwanza, hesabu waliifanya wenyewe. Mmoja hakukubali na aliendelea kuchimba kwa siri. Mkataa wangu sikuutengua, na mpaka leo hatusalimiani vizuri.

Nilikwenda pia kwa wenye mashamba na kwenye baraza la chifu, kwa sababu mawe ya kuta za vita ni mawe mazuri ya msingi wa nyumba na hakuna aliyekuwa ameambiwa asiyaguse. Watu hawakuwa wabaya. Walikuwa wanajenga.

Kusoma kilima chenyewe kulinichukua muda mrefu zaidi. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika, walivuka mpaka Agosti 1914 wakaichukua Taveta, wakajichimbia Salaita, na kutoka huko vikosi vyao vikawa vinapenya nyikani kulipua reli ya Uganda kwa baruti. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi kuelekea kwao, ikafika Maktau katikati ya 1915. Ukiwa kileleni unaiona nyika yote hiyo, kavu, bila mto, na upande wa pili Kilimanjaro ukiamua kujitokeza. Unaelewa mara moja kwa nini kila mtu alikitaka kilima hiki kifupi.

Jambo ambalo sikulielewa mpaka mmoja wa vijana aliponionyesha ni kwamba mahandaki muhimu hayako juu. Tarehe 12 Februari 1916 Brigedi ya Pili ya Afrika Kusini ilitumwa kukiteka kilima. Wengi wao walikuwa wametua nchini majuzi tu. Mizinga ikapiga kilele, na kileleni hapakuwa na wa kupigwa, maana mahandaki ya huko yalikuwa ya kudanganyia macho. Askari wa Mjerumani, Waafrika chini ya maofisa Wazungu, walikuwa mguuni mwa kilima, vichakani, wakiwangoja. Waafrika Kusini walipoteza zaidi ya watu 130 siku hiyo kati ya waliouawa, kujeruhiwa na kupotea, wakarudi nyuma mbio, wakaokolewa na Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka India. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rashasha waliyokuwa wameitupa wakikimbia, na salamu juu yake, kwa sababu kabla ya vita Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Sijaona mgeni asiyetabasamu hapo, hata wale wa kutoka Afrika Kusini.

Sasa sianzi tena kileleni. Namsimamisha mgeni kwenye nyika, mahali wanajeshi walipotokea, namwambia atazame kilima na anionyeshe adui yuko wapi. Wote wanaonyesha juu. Halafu natembea naye mpaka tunakaribia kulikanyaga handaki la chini kabla hajaliona. Hapo sina haja ya kusema mengi. Mwezi mmoja baadaye, Machi 1916, Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, aliizunguka Salaita kwa upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaihama bila vita. Damu ikaenda kumwagika mbele, vilima vya Latema na Reata. Hayo nayapitia haraka, tukiwa tunakunywa maji.

(Kuna pia mbuyu wenye matundu ya risasi, na hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akilenga watu kulipiza kisasi cha mumewe. Wageni wanaipenda kuliko yote. Naisimulia, na nasema ni hadithi.)

Nikamaliza mwaka mzima nikisimulia hivyo, Waingereza, Wajerumani, Wabaluchi, kabla ya kugundua kwamba sijamtaja mtu hata mmoja wa kwetu. Mgeni anakuja na jina na namba ya kaburi. Makaburi ya wanajeshi pale Taveta yamefyekwa, na yana majina. Kule Voi amelala Wilbur Dartnell, aliyejeruhiwa mguu karibu na Maktau, Septemba 1915, akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake, akafa nao, akapewa Nishani ya Victoria. Ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini baba wa babu yangu naye alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hilo hilo, na sikujua hata alielekea wapi.

Wapagazi hao, walioitwa Kariakoo kutokana na Kiingereza "Carrier Corps", ndilo jina lililobaki kwenye masoko ya Nairobi na Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao si kwa risasi. Ni kuhara, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi uliopikwa haraka ukaliwa mbichi. Sanamu ya askari pale Nairobi inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halikuandikwa hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao. Mimi daftari langu nilikuwa nimelianza kabla ya hapo, ila ripoti ilinisaidia kujibu walioniona napoteza wakati.

Niliharibu miezi mitatu ya mwanzo kwa swali baya. Nilikuwa nauliza wazee, "Hapa nani alienda vita?" Wananijibu hakuna. Na walikuwa sahihi: vita ni bunduki, na hawa hawakupewa bunduki. Nilipoanza kuuliza, "Nani alichukuliwa kubeba?" milango ikafunguka. Nikajifunza pia kwamba akina nyanya ndio wa kuulizwa. Mwanaume atakwambia jina la jemadari. Nyanya atakwambia nani alibaki na mtoto tumboni, nani alirithiwa na shemeji, nani alikaa miaka akikataa kurithiwa kwa sababu hakuna aliyeona maiti. Na kwa kuwa tunawapa watoto majina ya wazee, mara nyingi jina lipo, linatembea kijijini, linaenda shule.

Kasighau ndiko nilikoelemewa. Agosti 1915 Waingereza waliwatuhumu watu wa kule kuwaonyesha Wajerumani njia, wakachoma nyumba zao, wakawahamishia Malindi wote, wanawake na watoto. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Waliruhusiwa kurudi 1936. Nilikaa kwa bibi mmoja aliyesimuliwa na mama yake. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua maharagwe, na kila alipotaja jina alisukuma punje moja pembeni ya ungo. Nilidhani ni mazoea ya mikono. Aliposimama kwenda kuwasha moto nikahesabu punje na majina niliyoandika. Zilikuwa sawa, ila moja. Nikamwita nikamwambia, "Bibi, limenipita jina moja." Akalirudia.

Mzee mwingine, wa upande wa Bura, alinipeleka mpaka chini ya mwamba wenye mafuvu. Zamani Wataita walizika, na baada ya muda fuvu la mzee lilifukuliwa likawekwa pangoni pamoja na la babu zake. Hakuniruhusu kukaribia wala kupiga picha, na sikuomba. Alinyoosha mkono tu. "Babu yangu hayumo humo," akasema. "Baba yake yumo. Yeye nafasi yake iko wazi."

Nina majina 63 sasa. Kila moja nimeandika nani kanisimulia, ni nani wake, na kijiji. Nikisimuliwa mawili yanayopingana naandika yote mawili. La baba wa babu yangu limo, namba 9. Kutoka Maktau kwenda mbele hakuna anayejua. Kabla hatujashuka Salaita na mgeni, nasoma kumi, kwa zamu, ili kila jina lifikiwe. Wapo wanaovua kofia. Wapo wanaotazama saa. Mmoja aliniuliza kama hawa walifia hapa kilimani, nikamwambia hapana, wengi walifia mbali kusini, ila hapa ndipo ninapoweza kusimama.

Yule mvulana wa gunia la mbolea sasa ni kijana wa ndevu. Mvua za mwaka jana zilimomonyoa ukingo upande wa mashariki, akanipigia simu alfajiri kabla sijaamka vizuri.

"Kuna chupa ya maji ya bati imetokeza. Nzima, na kifuniko chake."

"Umeigusa?"

"Sijaigusa. Nimezungushia miiba ng'ombe wasipite." Akanyamaza kidogo. "Picha nimekutumia. Lakini bei ya 200 ni ya zamani, kaka. Unga umepanda."

Tukapatana 350.