Nilisema Nyerere, Nikapelekwa Sabasaba

Njia ya Tanga kuja Dar es Salaam haina jipya: basi la alfajiri, machungwa ya Muheza, Segera, Chalinze, na mchana niko Mbezi, stendi ya Magufuli, miguu imevimba. Nyumba ya wageni niliyoiwekea nafasi, elfu thelathini na tano kwa chumba chenye feni tu, sitaizungumzia.

Mtoto wa marehemu dada yangu anaimba kwaya. Jioni ile alikuwa amepewa kuanzisha wimbo mmoja kwenye tamasha, ndani ya Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2013. Kiingilio elfu thelathini. Nililipa, maana mama yake hayupo tena wa kwenda kumsikiliza.

Kimara niliingia basi la mwendokasi la kwanza lililofungua mlango. Kumbe mengine huenda Kivukoni na mengine Gerezani, na langu lilikuwa la Gerezani. Nilipotoka kituoni saa kumi na moja ilishapita, na tamasha linaanza saa kumi na mbili. Nikamwita kijana wa bajaji.

"Nipeleke Nyerere, kwenye ukumbi."

"Panda mama. Kumi."

Elfu kumi! Nikamsihi mpaka akashuka hadi nane.

Mji siujui, lakini mimi ni mtu wa pwani, na ukumbi nilishaambiwa uko jirani na bahari. Tukapita Bendera Tatu, tukashika Barabara ya Kilwa, malori ya bandarini yametubana huku na huku, moshi wote wetu. "Mwanangu, ndiko huku kweli?" Akaniambia nitulie. Tulipofika Uhasibu moyo ulianza kunienda mbio. Mara akasimama mbele ya geti kubwa lililofungwa: Viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, Sabasaba. Si mwezi wa saba, hakuna maonyesho, hakuna mtu ila mlinzi kwenye kiti cha plastiki.

"Si ulisema Nyerere, mama?"

Ni kweli nilisema. Lakini Dar uwanja wa ndege ni Nyerere, barabara ya kwenda huko ni Nyerere, viwanja vya maonyesho ni Nyerere, na chuo cha Kigamboni ni Nyerere. Anayebeba wageni kila siku angeniuliza ni Nyerere ipi. Badala yake akataka kumi nyingine ya kunirudisha. Machozi yalinilenga. Mlinzi ndiye aliyeinuka akaja: "Mpeleke mama Makumbusho. Si ile ya Kijitonyama, Makumbusho ya Taifa, Posta, mtaa wa Shaaban Robert. Ukumbi uko hapo hapo."

Shaaban Robert! Mtu wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, na kaburi lake liko Machui. Ningeambiwa mtaa huo tangu Tanga, ningelitaja jina lake toka Kimara na nisingepotea.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu ishapita. Binti wa mlangoni akaweka kidole mdomoni: nisubiri wimbo uishe. Nikasimama pale, mkono juu ya mbao za mlango, na sauti niliyoisikia ndani ilikuwa ya mtoto wangu. Ilikuja nyembamba, peke yake, halafu kwaya nzima ikamwitikia na mlango ukatetemeka chini ya kiganja changu. Sikumwona akiimba.

Nilipoingia nilijifunika khanga kwa baridi ya viyoyozi. Ukumbi ule mkubwa unachukua watu kama elfu moja, na mimi niliketi karibu na ukuta wa nyuma, lakini niliwasikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kuanza. Besi hazikumeza sauti ya kwanza. Kwetu tunaimba viwanja vya Tangamano, spika zinakoroma, pikipiki zinapita katikati ya ubeti. Tanga iliyolea taarab ya Black Star na Lucky Star haina mahali ambapo mtu wa nyuma anaisikia pumzi ya mwimbaji. Jambo hilo liliniuma kuliko nauli.

Ukitoka mikoani, Kimara panda la Kivukoni na ushuke mwisho wa njia. Acha feri nyuma yako, uliza mtaa wa Shaaban Robert. Kwa miguu haifiki hata nusu saa, na hakuna wa kukutoza elfu nane.

Usiku tuliondoka pamoja, yeye bado na gauni la kwaya.

"Mama mdogo, ulinisikia?"

"Neno kwa neno."

Bajaji ya Sinza ikataja kumi na tano. Nililipa bila kuomba kupunguziwa. Kabla hatujafika Magomeni alishalala begani kwangu.