Pipa, mshumaa na dumuzi

Aliyenishauri kwamba majivu yanatosha kumzuia dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alikuwa mama mkwe wangu, na ninakubali kwamba enzi zao yalitosha, kwa kuwa mdudu huyu aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akianzia Tabora. Kijijini kwetu, wilayani Kongwa, tuna msimu mmoja tu wa mvua, na lori la kwenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, hupita siku ya mnada peke yake. Kwa hiyo asiye na pa kuhifadhi mahindi humuuzia mlanguzi mwezi Juni, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kisha Januari huyanunua yale yale kwa bei ya kumtoa machozi.

Mwaka wa kwanza nilichanganya majivu, pilipili na majani ya mwarobaini ndani ya kihenge, nikawatambia majirani. Kufikia Oktoba nilipotumbukiza mkono nilitoa vumbi jeupe na punje zilizotobolewa kama chekeche. Kumbe dumuzi hutoboa hata miti, na walikuwa wamejichimbia katika fito za kihenge chenyewe tangu msimu uliotangulia, maana yake nilikuwa nimeyapeleka mahindi mapya nyumbani kwa mwizi.

Mwaka uliofuata niliuza mbuzi, nikaongeza kidogo, nikapata pipa kuukuu la chuma la lita 200, lililokuwa la mafuta ya kula. Kabla ya kujaza nilipima ukavu kwa chumvi, na hapa naomba niruhusiwe kujivuna: unatia punje katika chupa ya kioo iliyo kavu, unaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, unatikisa, unaacha itulie, chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yangu ilinata mara tatu, nami nikarudi kwenye turubai mara tatu, huku wapita njia wakiniuliza kama napika mahindi ndani ya chupa.

Nilipojaza, niliweka kisosi juu ya mahindi, nikawasha mshumaa, nikafunga mfuniko na kuuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Mshumaa hula sehemu tu ya hewa kabla ya kuzimika; kazi inayobaki huifanya wadudu wenyewe, wanaopumua hadi wanajimaliza. Hilo sikulielewa mapema, kwani kila Jumapili nilifungua pipa niwaonyeshe wageni ustadi wangu, na kila nilipofungua niliwapa dumuzi hewa mpya. Mume wangu ndiye aliyegundua, akatuanikia mahindi upya, akatia kufuli na kuondoka na ufunguo.

Tulifungua Januari, watoto wakiwa wamezunguka. Mahindi yalikuwa yanang'aa, yenye harufu ya shambani, na wadudu wachache waliolala chini walikuwa wakavu kama makapi. Mama mkwe aliyachota kwa viganja, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ni yale majivu niliyokunyunyizia juu ya mfuniko."