Uzoefu wangu: kumfikisha mgonjwa wa TB mwezi wa sita

Kwenye kliniki ya TB, aliyeletwa kwa kushikwa mkono hanipi shida. Anameza dawa bila kubembelezwa. Ninayekaa naye macho ni wa wiki ya tano. Homa za jioni zimekwisha, jasho la usiku limekauka, kilo zinarudi, na shamba au mgodi unamwita.

Wadudu wa TB hawafi kwa mkupuo. Wanaozaliana kwa kasi huanguka wiki za mwanzo, na hapo ndipo kikohozi hupungua. Wengine wamelala kimya ndani ya mapafu, na hao huhitaji miezi. Akiacha hapo, nafuu ni ya kweli ila ugonjwa bado umo.

Siku ya kwanza nampa hesabu yote. Mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 humeza vidonge 3 kwa pamoja, mara moja kwa siku; wa kilo 55 hadi 70 humeza 4. Miezi miwili ni vidonge vyenye dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata ni rifampisini na isoniazidi tu. Mwezi wetu ni siku 28, kwa hiyo ni dozi 56 kisha 112. Vidonge vikija kwenye karatasi za 28, wa vidonge 3 anamaliza karatasi tatu kwa mwezi, na namtaka azirudishe zikiwa tupu. Nachukua pia namba ya simu yake, ya msimamizi wake wa dawa na ya jirani, na kule anakokwenda msimu wa kilimo. Hilo la mwisho husahaulika kwenye kadi nyingi, na ndilo linalotupotezea watu.

Karatasi tupu peke yake haitoshi, maana vidonge vinaweza kuishia chooni. Rifampisini hufanya mkojo uwe rangi ya chungwa. Akisema amemeza saa moja asubuhi na mkojo wa saa nne ni mweupe, naanza kuuliza upya, kwa upole. Mara nyingi jibu ni njaa. Dawa zikishika, hamu ya kula hurudi kwa nguvu, na nyumbani hakuna kitu. Au anachefukwa, basi anameza viwili badala ya vitatu akidhani amepunguza makali. Dozi pungufu ni mbaya kama kuruka siku. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini anayechefukwa namruhusu uji kidogo. Afadhali hivyo kuliko atapike. Ganzi na miguu kuwaka moto hutokana na isoniazidi, na dawa yake ni vitamini B6. Macho yakiwa ya manjano au kuona kukififia, asimeze tena, aje siku hiyo hiyo. Uzito napima kila mwezi: aliyeanza na kilo 52 akifika 56, vidonge vinaongezwa.

Makohozi tunapima kwa hadubini mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Mashine ya GeneXpert hatuitumii kufuatilia nafuu, kwa sababu inasoma hata vinasaba vya wadudu waliokufa.

Kuacha dawa kuna sura mbili, na watu huzichanganya. Anayeacha zote kwa mara moja mara nyingi hurudiwa na TB ile ile, ambayo bado inasikia dawa. Wa kuogopwa zaidi ni anayemeza leo, anaruka kesho, anapunguza keshokutwa. Katika tundu moja la pafu wadudu hufika mamilioni mia, na takribani mmoja kati ya milioni moja huwa sugu kwa isoniazidi kwa asili. Dawa zikiwa pamoja na kwa kipimo kamili, anayeponyoka moja huuawa na nyingine. Zikija kwa kusitasita, huyo mmoja anabaki na kujaza nyumba. Usugu kwa rifampisini na isoniazidi kwa pamoja ndiyo TB sugu. Zamani tiba yake ilifika miezi 20, pamoja na sindano zilizowaacha wengine viziwi. Sasa ipo ya vidonge ya miezi 6, yenye bedakwilini, ila inadai kupimwa mapigo ya moyo na damu mara kwa mara. Si njia ya mkato.

Aliyepotea akirudi, sifoki. Akifokewa leo, kesho harudi. Akikosa chini ya mwezi, anaendelea na kufidia dozi alizokosa. Zaidi ya hapo makohozi hupimwa kwanza. Ikifika miezi miwili mfululizo anaandikwa mtoro, na hapo GeneXpert inahitajika ili tujue kama rifampisini bado inafanya kazi. Vidonge alivyobakiza kabatini asijianzishie mwenyewe. Hivyo nataka avilete. Zamani wa aina hii aliongezewa streptomaisini na kutibiwa miezi 8 bila kupima usugu; Shirika la Afya Duniani liliachana na utaratibu huo mwaka 2017.

Kisha naomba majina ya wote wanaolala nyumba moja naye, hata kama walishachunguzwa mara ya kwanza. Alipoacha dawa alianza tena kukohoa kati yao, kwa hiyo uchunguzi unarudiwa, tukianza na watoto wa chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU.