Ukurasa wa 112

Siku ile nilikaa kitini tangu saa tatu asubuhi hadi karibu saa nne usiku, nikiinuka kwenda msalani tu na kurudi. Mimba ilikuwa na wiki 36, mimba yetu ya kwanza, na sura ya nne ya tasnifu yangu ilitakiwa kwa msimamizi kesho yake asubuhi. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya meza hiyohiyo akisahihisha mitihani. Meza ya kazi tulikuwa nayo moja. Tumbo lilipoanza kukua nilisogea nyuma, na kila nilivyosogea rundo lake la vijitabu vya majibu lilisogea mbele, mpaka robo tatu ya meza ikawa yake bila yeyote kati yetu kukusudia.

Miezi ile ilikwenda hivyo. Kichefuchefu kilinikuta katika semina ya mwaka wa pili, nikajifunza kufundisha nikiwa nimesimama karibu na mlango. Vidonge vya madini ya chuma vilikaa ndani ya kikombe cha kalamu, maana mahali pengine popote ningevisahau. Usiku kila mtu alisoma lake, yeye takwimu, mimi isimu, na katikati yetu vitabu vya ujauzito tulivyoazima maktaba.

Kliniki walituhesabia siku ya kujifungua kwa kanuni ya Naegele, daktari wa uzazi wa Kijerumani wa karne ya 19: shika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, ongeza mwaka. Zinatoka siku 280. Mume wangu aliitazama tarehe ile akasema hiyo ni katikati ya mtawanyiko tu. Wanaozaliwa siku yenyewe iliyotajwa ni kama mtoto mmoja kati ya 20. Akauchora mtawanyiko huo nyuma ya bahasha, akaubandika ukutani. Mimi nikaandika juu yake, kwa wino mwekundu, siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu. Tarehe hizo mbili zilipishana kwa siku 11. Tuliamini kabisa kwamba tukijipanga vizuri, mambo yote mawili yangepita mlango mmoja bila kugongana.

Utafiti wangu ulihusu kiimbo, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka ndani ya sentensi. Ndiyo maana nina mazoea ya kusoma rasimu zangu kwa sauti. Kosa lililolipita jicho, sikio hulidaka. Kuanzia kama mwezi wa sita wa mimba, nikisoma kwa sauti mtoto alikuwa anacheza. Jambo hilo lilinigusa kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Nilikuwa nimewahi kufundisha utafiti wa DeCasper na Fifer wa mwaka 1980, ulioonyesha kwamba mtoto mchanga wa siku chache hubadili mwendo wa kunyonya chuchu bandia ili asikie sauti ya mama yake badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Nilikuwa nimefundisha pia ule wa mwaka 2009 wa Mampe, Wermke na wenzao, waliolinganisha vilio vya watoto wachanga Ufaransa na Ujerumani: vya Kifaransa vilielekea kupanda, vya Kijerumani kushuka, kama zilivyo lugha walizozisikia wakiwa bado tumboni. Miaka yote nilizitaja tafiti hizo kama habari za watoto wa watu. Sasa nilikuwa na msikilizaji wangu mwenyewe, na nilimsomea kwa uangalifu, nikitua kila penye mkato.

Siku ile nilisoma kimya. Mume wangu alikuwa anajumlisha alama, sikutaka kumpoteza hesabu.

Saa nne kasoro nilifika ukurasa wa 112. Kulikuwa na tanbihi yenye mwaka uliokosewa. Nikaurekebisha, nikanyoosha mgongo, na mkono ukaenda wenyewe tumboni kama ulivyozoea. Nikangoja. Nikajiuliza mara ya mwisho mtoto amecheza saa ngapi, jibu sikulipata. Nilikumbuka kila mkato niliouhamisha tangu asubuhi. Nilikumbuka kwamba saa nane mchana nililifuta neno "hivyo" mara tatu katika aya moja. Mtoto sikumkumbuka.

"Mume wangu," nikamwita. "Leo sijamsikia."

Akaweka kalamu chini. "Tangu saa ngapi?"

"Sijui."

Nililala ubavu wa kushoto, yeye akaketi sakafuni na saa mkononi. Kliniki walikuwa wametueleza: lala, tulia, hesabu; ukitimia muda wa saa mbili hajafikisha michezo kumi, njoo. Hatukuzungumza. Mara moja nilihisi kitu kikijipindua taratibu upande wa kulia. Baada ya muda mrefu, kingine. Saa moja na nusu ilipopita tulikuwa tumehesabu mitatu, na ule wa tatu sikuwa na hakika nao.

"Si wanasema akikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza?" nikamwambia. "Nafasi inakuwa imembana."

Hakunibishia. Aliinuka akaenda kuvaa viatu.

Wodini tulimkuta mkunga wa zamu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Umekuja na nini, mama?"

Mwanamke yeyote mzima huitwa mama. Nililiitikia jina hilo miaka mingi bila kulifikiria. Usiku ule nililiitikia nikiogopa kwamba huenda halinihusu tena.

"Mtoto amepunguza kucheza, sista. Au labda alicheza. Sikuwa namwangalia."

Hakunikaripia. Alinipandisha kitandani, akalipapasa tumbo kwa viganja vyote viwili akitafuta mgongo wa mtoto, kisha akachukua kile chombo cha mbao chenye umbo la baragumu dogo, akaweka upande mpana tumboni na sikio lake upande wa pili. Mashine ilikuwa pale karibu. Nadhani alianza na mbao kwa kuwa alituona tulivyo, na mashine ilihitaji muda wa kufungwa.

Kazi yangu ilikuwa kupima vituo vya kimya ndani ya usemi, kwa milisekunde. Najua kituo cha mtu anayevuta pumzi, najua cha anayetafuta neno, najua cha anayejizuia kusema. Kimya cha mkunga yule sikukijua. Nilitazama utosi wake na kilemba chake cheupe, na mume wangu alikuwa ameshika mguu wangu, kifundo, maana ndipo alipoweza kufikia.

"Yupo," mkunga akasema, bado ameinama.

Sauti yake ilishuka mwishoni, ikatua chini kabisa, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kujulikana. Mpaka leo naweza kuuchora mstari wa kiimbo wa neno lile.

Nilianza kulia hapo, sikuweza kuacha.

"Baba, njoo usikilize," akamwambia mume wangu, akamwelekeza pa kuweka sikio na kumkataza kukishika chombo kwa mkono. Mume wangu aliinama. Midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anahesabu, jicho kwenye saa ya ukutani. Dakika ilipotimia mkunga akamgusa bega, lakini yeye aliinua kidole kuomba nafasi, akaanza upya. Huwa anawaambia wanafunzi wake kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mkunga akamwachia dakika ya pili yote. Alipoinuka, sikio lake lilikuwa na alama nyekundu ya duara. Akaomba karatasi, na hapo ndipo sote tulipoona kwamba nilikuwa nimetoka nyumbani na kurasa za sura ya nne zimekunjwa mkononi. Aliandika pembeni mwa ukurasa wa juu kwa penseli: 138, 141.

Baadaye sana nilikisoma chombo kile. Umbo lake ni la Adolphe Pinard, daktari wa Paris, mwaka 1895. Lakini kilichonikaa ni habari ya Mfaransa mwenzake wa kabla yake, Kergaradec, aliyeweka kifaa cha kusikilizia juu ya tumbo la mjamzito akitaka kusikia maji yakichezacheza mtoto anapojigeuza. Alichosikia kilikuwa moyo. Aliliandikia ripoti jambo hilo mwaka 1821. Nimemfikiria mara nyingi mtu huyo, sikio lake likitafuta maji.

Kisha nilifungwa mikanda miwili ya mashine, mmoja wa mapigo, mwingine wa kukaza kwa tumbo, na karatasi ikaanza kutoka taratibu. Mapigo yalikuwa karibu na 140, mahali pazuri, maana hutarajiwa kuwa kati ya 110 na 160. Ila mstari ulikwenda sawasawa, bila vilima. Mkunga alitueleza kwamba anachotafuta ni vilima, mapigo ya moyo kupanda kidogo mtoto anapojitikisa, na kwamba huenda amelala tu. Tungoje. Mtoto wa umri ule hulala dakika 20, hata 40, kwa mfululizo.

"Zungumza naye," akasema, akaenda kumwangalia mama mwingine.

Sikuwa na la kumwambia. Kila neno lililonijia lilikuwa la kuomba msamaha, na sikutaka hilo liwe la kwanza kulisikia usiku ule. Nikakunjua karatasi nikaanza kumsomea ukurasa wa 112, kwa sauti ya kawaida, na mikato yake. Ulihusu sentensi za kuuliza. Niliusoma mpaka chini, na ile tanbihi niliyoisahihisha nikaisoma pia. Nilikuwa nimerudi mwanzo wa ukurasa wakati tumbo lilipoinuka upande wa kulia, teke zima, lililoonekana juu ya shuka. Mstari ukapanda. Ukashuka, ukapanda tena.

Siwezi kusema ilikuwa sauti yangu. Dakika zilikuwa zimetimia, na mtoto aliyelala huamka. Mume wangu ndiye anayelijua hilo kuliko mtu yeyote, na hakulisema. Aliniambia, "Endelea."

Mkunga aliporudi aliishika karatasi ya mashine kwa mikono miwili, akaipitia yote, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Nilimweleza neno langu la nafasi kumbana mtoto. Akavua miwani.

"Mama, hapunguzi. Atabadilisha namna, atajipindua badala ya kurusha mateke, lakini hapunguzi. Siku nyingine usihesabu mpaka saa mbili zitimie. Ukiona si kawaida yake, inuka uje. Hata ukija mara kumi."

Zile dakika 90 nilizolala kitandani nikihesabu bado zinaniuma. Mtoto alikuwa salama, najua. Lakini sikujua wakati ule, na nilijipa sababu za kubaki, na moja ya sababu hizo, naiandika hapa kwa kuwa ni kweli, ilikuwa kwamba kurasa 14 zilikuwa zimebaki.

Tulifika nyumbani kunapambazuka. Mume wangu alisukuma vijitabu vyake vyote vya mitihani mpaka ukingoni mwa meza, akanivutia kiti, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba sura haitakuja leo. Sikutoa sababu ndefu. Alinijibu kabla ya saa mbili asubuhi: tasnifu itangoja, nikalale. Wino mwekundu ukutani niliukata siku ileile. Wiki zilizobaki nilifanya kazi kwa saa chache, kwa sauti, na mume wangu akajifunza kujumlisha alama huku nasoma.

Binti yetu alizaliwa wiki ya 39. Sura ya nne ilikwenda kwa msimamizi akiwa na miezi minne. Ukurasa wa 112 nilichapa mwingine, maana ule wenye penseli sikuutoa.